Umri wa Koo: Utangulizi kwa Anayeanza Kusoma Tamthilia za Muziki

Kama umewahi kutazama sinema ya kuimba ukajiuliza, "Mbona mwanafunzi huyu ana sura ya mwalimu wake?", basi somo hili umeshalianza bila kujua. Swali lako ni zuri na lina heshima yake katika taaluma yetu. Nakuomba jambo moja tu: usilijibu haraka. Wengi hulijibu kwa sentensi moja, kwamba waandaaji wanataka majina makubwa ili wauze tiketi, kisha wakafunga mjadala. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila linaruka sehemu tamu kuliko zote, nayo ni koo la binadamu.

Tuanze na kisa kimoja, nacho tutakirudia mara kadhaa huko mbele. Tarehe 16 Novemba 1959, katika ukumbi wa Lunt-Fontanne jijini New York, ilifunguliwa tamthilia iitwayo The Sound of Music. Inamhusu Maria, msichana wa Austria anayejiandaa kuwa mtawa, ambaye mkuu wa utawa anamtuma akawaangalie watoto saba wa mjane mmoja, nahodha wa zamani wa jeshi la majini. Maria wa kweli alizaliwa mwaka 1905, na aliingia katika nyumba ile mwaka 1926 akiwa binti wa miaka 21. Nahodha alimzidi miaka 25.

Sasa tazama waliopanda jukwaani. Maria aliigizwa na Mary Martin, aliyekuwa amebakiza wiki mbili tu atimize miaka 46. Nahodha aliigizwa na Theodore Bikel, mwenye miaka 35. Mkuu wa utawa, yule mama wa hekima anayemshauri binti asiyeijua dunia, aliigizwa na Patricia Neway, mwimbaji wa opera mwenye miaka 40. Yaani binti alikuwa mkubwa kuliko mchumba wake, na mkubwa pia kuliko mama mkuu wake. Watazamaji walijaa. Tamthilia ilionyeshwa mara 1,443, na mwaka 1960 Mary Martin akapewa tuzo ya Tony, ambayo ndiyo tuzo kuu ya jukwaa la Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York.

Huenda unasema: watu wa zamani waliridhika na chochote. Hapana. Wakosoaji wa New York wa miaka ile walikuwa wakali, na waliona kila kitu. Kilichotokea ni kwamba umri wa mwigizaji haukai mahali pamoja. Upo usoni, upo magotini na mgongoni, upo kooni, na kila mahali una mwendo wake. Mtu aweza kuwa na uso wa miaka 45, miguu ya miaka 30 na koo ambalo ndiyo kwanza limeiva. Utangulizi huu unahusu namna waandaaji, watunzi na watazamaji wanavyopatana ni umri upi kati ya hizo uhesabiwe.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu maneno. Tamthilia ya muziki ni mchezo wa jukwaani ambamo hadithi husonga kwa maneno ya kusemwa, nyimbo na dansi kwa pamoja. Ukitoa nyimbo, hadithi inakatika. Hapo ndipo inapotofautiana na tamasha la muziki, ambako wimbo hujitegemea. Inatofautiana pia na opera, ambako karibu kila neno huimbwa, na ambako mwimbaji hufunzwa kuufikia ukumbi mzima bila kipaza sauti. Kugawa wahusika ni kazi ya kuamua nani ataigiza nani. Kazi hiyo hufanyika kwenye usaili, pale mwigizaji anaposimama mbele ya mwongozaji wa mchezo, mwongozaji wa muziki na mtayarishaji, akaimba dakika chache, akasoma ukurasa mmoja au miwili, akaambiwa asante. Na uhusika ni ile kazi yote anayokabidhiwa mtu: maneno, nyimbo, miondoko na saa anazotakiwa kuwa jukwaani. Likumbuke sana hilo neno la mwisho, saa. Wanaoanza hulisahau.

Sasa koo. Weka vidole viwili mbele ya shingo yako, pale penye uvimbe mgumu, kisha vuta sauti ya "zzz" ndefu. Unasikia mtetemo? Uvimbe huo ni zoloto, kijumba cha gegedu kilichobeba nyuzi za sauti. Jina nyuzi lisikudanganye. Ni mikunjo miwili ya nyama laini ambayo hufungwa na kufunguka kwa kasi pumzi inapopita katikati yake. Ile noti ambayo okestra huitumia kupatanisha vyombo inahitaji mikunjo hiyo igongane mara 440 kwa sekunde moja. Noti za juu kabisa za soprano hupita mara 1,000. Na nyama yenyewe kwa mwanamke mzima ina urefu wa kama sentimita moja hadi moja na nusu. Ninapowaeleza wanafunzi jambo hili huwa natulia kidogo, maana kila kitu kingine katika somo letu kinatoka hapo: kazi kubwa hivyo, kiungo kidogo hivyo.

Endelea na jaribio. Anza na sauti yako ya chini ya kawaida, kama unaita mtu aliye ng'ambo ya barabara, kisha ipandishe polepole mpaka juu kabisa. Mwanzoni utahisi mtetemo kifuani. Mahali fulani katikati sauti itayumba, au itakatika, halafu itaendelea ikiwa nyembamba zaidi, na mtetemo utauhisi usoni na kichwani. Sehemu ya kwanza huitwa sauti ya kifua: mikunjo ni minene na imebanana kwa nguvu. Ya pili ni sauti ya kichwa: mikunjo imevutwa, imekuwa myembamba, na inagusana kingoni tu. Kifua na kichwa chenyewe havitengenezi sauti. Ni majina ya mahali mtetemo unapohisiwa. Waimbaji wa kwaya wanaijua sana ile sehemu ya kuyumba, kwa sababu hapo ndipo mwalimu hukunja uso.

Tamthilia za muziki za Marekani zimejenga utamaduni mzima juu ya kuibeba ile nguvu ya sauti ya kifua na kuipandisha mpaka mahali ambapo kwa kawaida mtu angehamia kichwani. Mbinu hiyo huitwa belti. Ukisikia mwimbaji anashikilia noti ya juu inayosikika kama mwito wa mtu mwenye uchungu au furaha isiyozuilika, na nywele zikakusimama, huenda hiyo ni belti. Inasisimua kwa sababu sikio linatambua hatari: mikunjo inabaki imefungana kwa muda mrefu zaidi katika kila mgongano, na pumzi inaisukuma kwa shinikizo kubwa. Akiifanya mjuzi haimdhuru. Akiiiga tu asiyefunzwa, anaweza kuamka kesho hana sauti.

Istilahi moja zaidi, na hii ndiyo ufunguo wa yote: tesitura. Watu wengi huuliza, "Noti ya juu kabisa ya wimbo huu ni ipi?" Swali la maana zaidi ni, "Wimbo huu unakaa wapi?" Tesitura ni eneo la sauti ambamo wimbo, au uhusika mzima, hukaa kwa muda mwingi. Mtu anaweza kuigusa noti ya juu mara moja akashuka, asichoke. Mwingine akaombwa akae noti mbili chini ya hapo kwa dakika nne, akaimaliza sauti. Kisha zidisha kwa ratiba. Broadway na London mwigizaji hupanda jukwaani mara 8 kwa wiki, siku sita, na mbili kati ya hizo huwa na onyesho la mchana na la usiku. Kwa hiyo mwongozaji wa muziki aliyekaa kwenye usaili haulizi tu kama unaweza kuimba wimbo huu. Anauliza kama utauweza Jumapili jioni, baada ya kuuimba mara saba tangu Jumanne.

Ukishaelewa hapo, utaona kwa nini uhusika wa msichana wa miaka 15 mara nyingi hauwezi kupewa msichana wa miaka 15. Zoloto ya kijana bado inakua. Pumzi yake haijapata uzoefu wa kugawanywa kwa saa mbili na nusu. Zipo pia sheria za kazi ya watoto, ambazo katika nchi nyingi huwawekea mipaka ya saa na ya usiku. Ndiyo maana wahusika watoto huwa na watoto wawili au zaidi wanaopokezana. The Lion King, iliyofunguliwa Broadway mwaka 1997, na ambayo majina ya Simba na Rafiki yametoka moja kwa moja katika lugha yetu, ilikata tatizo hilo katikati: Simba mdogo anaigizwa na mtoto, kisha katikati ya wimbo anapokewa na mtu mzima. Hakuna mtazamaji anayelalamika. Peter Pan, mvulana asiyekua, alipopandishwa jukwaani London mwaka 1904 aliigizwa na mwanamke mzima, Nina Boucicault, na desturi hiyo ikadumu. Mary Martin mwenyewe aliruka hewani akiwa Peter Pan mwaka 1954, akiwa na miaka 40.

Sauti hukomaa taratibu. Walimu wengi wa uimbaji watakuambia kwamba sauti nzito za kike na za kiume hufikia ubora wake mtu akiwa ameingia miaka ya thelathini. Hapo nguvu ya misuli na ujuzi wa kuitumia vinakutana. Kwa hiyo mtunzi anayeandika hadithi ya binti, lakini anaipa muziki wa kishindo, ameshaomba vitu viwili visivyopatikana kwa urahisi katika mtu mmoja. Opera inalijua hili siku nyingi. Cio-Cio-San, mhusika mkuu wa Madama Butterfly ya Puccini, ana miaka 15 anapoingia jukwaani, na muziki wake ungemmaliza binti yeyote wa umri huo. Na tarehe 11 Aprili 2005, jijini Washington, Mirella Freni aliimba kama Joan wa Arc, msichana wa miaka ya utineja, katika opera ya Tchaikovsky. Freni alikuwa na miaka 70. Kwa onyesho hilo akaaga jukwaa.

Usiondoke hapo ukidhani koo halizeeki. Linazeeka, na mtu anayetaka kulisoma somo hili kwa dhati lazima ajue linavyozeeka. Ule utando laini kama jeli ulio chini ya ngozi ya mikunjo hupungua unyumbufu. Msuli ulio ndani yake husinyaa, kingo hujipinda kidogo, mikunjo haifungi vizuri, na pumzi huvuja: ndiyo ile sauti yenye hewa unayoisikia kwa babu. Gegedu za zoloto huanza kugeuka mfupa. Mapafu na mbavu hazitanuki kama zamani, hivyo sentensi ndefu ya muziki inahitaji kupumuliwa mara mbili. Kwa wanawake, hedhi inapokoma mikunjo mara nyingi huwa minene zaidi na sauti hushuka. Kwa wanaume wazee sana hutokea kinyume: mikunjo inakuwa myembamba na sauti ya kuzungumza inapanda. Halafu kuna vibrato, ule mtikisiko mzuri wa noti inayoshikiliwa. Kwa mwimbaji mwenye afya hutikisika kama mara tano hadi saba kwa sekunde. Umri ukizidi, au mazoezi yakipungua, hupunguza kasi na kupanuka, na sikio la msikilizaji linasema "mzee" kabla jicho halijasema lolote.

Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Vipodozi huficha mikunjo ya uso; wigi huficha mvi. Vibrato pana haifichwi na kitu. Mwigizaji wa miaka 50 anayetaka kuaminika kama binti wa miaka 20 hufanya kazi kubwa kuinyoosha noti, aianze ikiwa imetulia na airuhusu itikisike mwishoni tu.

Jambo lenyewe lipo hata huku kwetu. Ingia katika kwaya yoyote ya kanisa, Dodoma au Mombasa, utamkuta mama aliyeimba sauti ya kwanza kwa miaka mingi, na sasa amehamia ya pili. Hakuna aliyemfukuza. Alianza kukwepa noti za juu siku za sikukuu, akawaachia mabinti, na siku moja akakaa benchi la nyuma yao. Mwalimu mwenye busara hufanya kitu kingine kabla ya hapo: hushusha doh. Wimbo uleule, maneno yaleyale, lakini kila noti imeteremka hatua moja. Katika taaluma tunakuita kuhamisha ufunguo. Kwenye tamthilia kubwa si jambo la kuamua dakika ile, kwa sababu karatasi za okestra nzima lazima ziandikwe upya, na tarumbeta iliyong'aa katika ufunguo wa zamani yaweza kufifia katika mpya. Lakini hufanyika, na kwa nyota hufanyika mara nyingi kuliko watazamaji wanavyodhani.

Sasa turudi kwa Mary Martin, kwa sababu hapa ndipo kisa chake kinapogeuka. Tulianza kwa kuuliza mwanamke wa miaka 45 aliwezaje kuuvaa uhusika wa binti. Lakini uhusika ule haukuwa unamsubiri mahali fulani ukiwa tayari. Martin na mumewe, Richard Halliday, walikuwa miongoni mwa waliouanzisha mradi wenyewe. Richard Rodgers na Oscar Hammerstein walipoandika nyimbo, walijua ni koo la nani wanaloliandikia, maana walishafanya naye kazi katika South Pacific mwaka 1949. Fundi cherehani alikuwa na vipimo vya mteja mezani. Sikiliza nyimbo za Maria: nyingi zinakaa katikati ya sauti, mahali pa kuzungumza, zenye uchangamfu na maneno mengi, ambapo mwimbaji mwenye ujuzi humwaga haiba bila kuhangaika. Wimbo mkubwa wa kupaa, ule unaofunga nusu ya kwanza, hakupewa Maria. Ulipewa mkuu wa utawa, yaani Patricia Neway, aliyekuwa na koo la opera.

Kwa hiyo tesitura ya "binti" yule ni tesitura ya mwanamke mzima. Baadaye wasichana kote duniani wameimba Maria wakidhani muziki ule ni wa ujana. Julie Andrews alikuwa na miaka 28 sinema ya tamthilia hiyo ilipopigwa mwaka 1964, akauimba kwa wepesi unaotuaminisha kwamba uliandikwa kwa ajili yake. Na London ilipoirudisha tamthilia mwaka 1981 ikampa Petula Clark, mwenye miaka 48, uhusika ulimkubali bila shida. Hilo ndilo ninalotaka ulibebe kuliko yote katika utangulizi huu: mhusika ana umri wa aina mbili. Umo umri ulioandikwa katika hadithi, na umo umri ulioandikwa katika noti. Mara nyingi haulingani.

Kinyume chake ni Evita ya Andrew Lloyd Webber na Tim Rice. Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, alizaliwa 1919 na kufariki 1952, akiwa na miaka 33 tu. Tamthilia inamwonyesha tangu akiwa na miaka 15 mpaka kitanda cha mauti. Elaine Paige aliufungua uhusika huo London mwaka 1978, na Patti LuPone akaufungua Broadway mwaka uliofuata. Wote walikuwa na miaka 30. Kwa hesabu ya kitambulisho, hakuna wa kulalamika. Lakini noti! Muziki unamtaka mwimbaji akae juu, katika belti, kwa muda mrefu, huku akipiga kelele za hasira na maneno ya haraka. LuPone amesimulia waziwazi jinsi uhusika ule ulivyomtesa koo, na maonyesho ya mchana yaliimbwa na mwingine, Terri Klausner. The Phantom of the Opera nayo, tangu London mwaka 1986, ilimweka mwimbaji wa pili wa kumpokea mwigizaji wa Christine, mhusika mkuu wa kike, katika baadhi ya maonyesho ya kila wiki. Hapa kijana ndiye anayechakaa. Ukiona mtayarishaji anamtafuta mtu wa miaka 35 kwa uhusika wa miaka 18, jiulize kwanza kama noti zenyewe si za Evita.

Mpaka hapa nimesema jukwaa. Kamera hubadilisha kila kitu, na wanaoanza mara nyingi huchanganya mambo haya mawili. Kwenye ukumbi wa viti zaidi ya elfu moja, mtazamaji wa nyuma haoni mikunjo ya macho. Anaona mwendo, umbo na mwanga, na anasikia sauti. Kasi ya mguu inaposhuka ngazi inamwambia "msichana" kwa uhakika kuliko uso. Sinema huuleta uso karibu kuliko mume anavyouona uso wa mkewe mezani. Katika Grease, sinema ya 1978, wanafunzi wa sekondari waliigizwa na John Travolta wa miaka 23, Olivia Newton-John wa 28 na Stockard Channing wa 33. Ilisameheka, nadhani, kwa sababu sinema yenyewe inachezea ujana kama kumbukumbu na mtindo wa nywele. Haidai kuwa kweli. Dear Evan Hansen haikupata msamaha huo. Ben Platt, mwigizaji wake mkuu, alisifiwa mno jukwaani, akachukua Tony mwaka 2017. Sinema ilipotoka mwaka 2021 alikuwa na miaka 28 akiigiza kijana wa 17, na wakosoaji wengi hawakuweza kuacha kuutazama umri wake. Sauti ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni umbali, na pia hadithi: inasimulia uongo ambao tunaweza kuuhurumia ukitoka kwa mtoto, lakini unatutisha ukitoka kwa mtu mzima.

Hollywood iliwahi kujaribu njia nyingine, ya kuutenga uso na koo. Katika My Fair Lady ya 1964, Audrey Hepburn wa miaka 34 ndiye unayemwona akiwa Eliza, muuza maua kijana. Nyimbo karibu zote unazosikia ni za Marni Nixon. Sinema ya Evita ya 1996 ilichagua njia ya upole zaidi. Madonna alifunzwa sauti upya, na baadhi ya nyimbo zilishushwa ufunguo. Naona ilikuwa haki kabisa, ingawa wapo wapenzi wa tamthilia ile ambao hawatakubaliana nami.

Upo pia upande wa wanaokataa maafikiano haya, na lazima uwasikilize. Mbongeni Ngema alipotunga Sarafina!, kuhusu wanafunzi wa Soweto waliopinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliwakusanya vijana wenyewe akawafundisha. Ilipofika Broadway mwaka 1988, Leleti Khumalo alikuwa na miaka 17, akateuliwa kugombea Tony. Sauti zile hazikuwa na ulaini wa shule. Zilikuwa na mkwaruzo wa ujana unaosema kweli, na mtu mzima mwenye mbinu zote asingeweza kuutengeneza. Mimi huwaambia wanafunzi: hadithi inapokuwa ushahidi wa watoto, wape watoto. Gharama yake ni kupanga upya ratiba, idadi ya waimbaji na hata muziki, na gharama hiyo inafaa kulipwa.

Kuna lingine linalonikera na silifichi. Uvumilivu wetu hauko sawa kwa wote. Mwanamume wa miaka 50 anapoimba mapenzi kwa binti wa miaka 22, tunatazama hadithi. Mwanamke wa 50 akifanya hivyo, tunatazama cheti cha kuzaliwa. Na huko ndiko nafasi nyingi za wanawake waliokomaa zinakopotea, wakati ambapo koo lao liko tayari kuliko wakati wowote. Zanzibar ilikuwa na jibu lake: Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa mkongwe sana, aliimba mapenzi kwa sauti nzito yenye kukwaruza, na ukumbi ukamshangilia. Taarabu haikumdai ajifanye binti. Muziki ulimfuata alipo.

Tamthilia ya muziki nayo imeanza kuandika kwa ajili ya koo hilo. Kimberly Akimbo ya Jeanine Tesori na David Lindsay-Abaire, iliyofunguliwa Broadway mwaka 2022, inamhusu msichana anayekaribia miaka 16 mwenye ugonjwa unaomzeesha zaidi ya mara nne ya kawaida. Victoria Clark, soprano na mwalimu wa sauti, alikuwa na miaka 63. Alisimama na wanafunzi wenzake wa jukwaani ambao wangeweza kuwa wajukuu zake, na hakuigiza kitoto. Aliimba kwa noti nyepesi, zilizonyooka, zisizotikisika mpaka alipotaka, na mabega yaliyojikunja kama ya mtu asiyejua aweke wapi mikono. Mwaka 2023 akapewa Tony. Kwa mara hiyo moja, umri wa uso, wa hadithi na wa koo vilikuwa vitu vitatu tofauti mbele ya macho ya wote, na hadithi yenyewe ikasimama juu ya tofauti hiyo.

Ukitaka kuendelea, anza na Evita. Tafuta rekodi ya Julie Covington ya 1976, iliyotoka kabla tamthilia haijapanda jukwaani, ya LuPone ya 1979 na ya Madonna ya 1996, uchague wimbo mmoja uliomo katika zote tatu. Usitazame picha yoyote. Sikiliza mara ya kwanza ukitafuta wimbo unakaa wapi, juu au katikati. Mara ya pili fuatilia mwimbaji anapopumua na neno gani limekatwa ili apumue. Mara ya tatu shika noti moja ndefu na usikilize inaanza kutikisika lini. Kisha andika pembeni umri unaoudhania wa kila mmoja, na ndipo ukatafute umri wa kweli.